Sabufa ukutani: Je, ukuta wako unaweza kuibeba?

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam, Kiwangwa ni jina linalokwenda sambamba na mananasi. Kata hiyo iliyopo katika barabara ya Bagamoyo hadi Msata, mkoani Pwani, hupeleka mananasi katika masoko ya jiji, na wakulima wake hurudi na mahitaji ya nyumbani. Miongoni mwa mahitaji hayo ni bati, saruji, godoro na, kwa miaka mingi sasa, sabufa.

Kwa familia nyingi za vijijini sabufa ndiyo chombo cha kwanza kikubwa cha umeme kuingia sebuleni, wakati mwingine hata kabla ya jokofu. Kwa mfanyabiashara mdogo, awe kinyozi, muuza chipsi au mwenye mgahawa, sabufa ni kitendea kazi, kwa kuwa penye muziki ndipo mteja anaposimama.

Chombo hicho hakinunuliwi kirahisi. Nanasi huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili tangu chipukizi kupandwa hadi tunda kuvunwa. Hivyo basi, mkulima anayenunua sabufa baada ya mavuno anaweka sebuleni jasho la misimu kadhaa.

Swali linalofuata ni wapi pa kuiweka. Chini sakafuni kuna watoto wanaochokonoa nyaya, kuku wanaoingia bila hodi, maji ya kudeki, na mvua za masika zinazopita chini ya mlango. Sanduku la sabufa nyingi limetengenezwa kwa mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, ambazo zikilowa huvimba na kuachia. Ndiyo maana wengi huamua kuipandisha ukutani, na hapo ndipo matatizo huanza, kwani mara nyingi kinachotumika ni kipande cha ubao na misumari miwili ya inchi nne.

Hatari yenyewe ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sabufa ya kilo nane ikianguka kutoka urefu wa mita mbili hufika chini ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 20 kwa saa, sawa na baiskeli iliyokolea mwendo. Aliyekaa chini yake hana muda wa kukwepa, na kwa kichwa cha mtoto hicho ni kifo au kilema. Makala haya yanaeleza namna ya kuifunga sabufa ukutani bila kuhatarisha mtu, ukuta wala chombo chenyewe.

Lazima ipande ukutani?

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba ajiulize kama kuna haja. Seti ya sabufa huwa na sanduku kubwa linalotoa besi, na spika ndogo mbili au zaidi zinazotoa sauti ya mwimbaji na vyombo vyembamba. Sikio la binadamu haliwezi kutambua kwa urahisi besi nzito inatokea upande gani, lakini hutambua mara moja sauti nyembamba inatoka wapi. Kwa sababu hiyo spika ndogo ndizo zinazostahili kupanda ukutani, usawa wa sikio la mtu aliyekaa au juu kidogo, na sanduku la besi linaweza kukaa chini bila kuharibu muziki.

Tena anayependa besi atafaidika zaidi nalo likiwa chini karibu na kona, kwa kuwa sakafu na kuta mbili huirudisha sauti na kuikuza. Likipandishwa katikati ya ukuta besi hupungua, na mwenye nalo huongeza sauti kufidia, jambo linalochosha mashine.

Hivyo basi, kama tatizo ni maji na kuku, meza fupi imara au jukwaa la tofali lenye urefu wa sentimita 30 linatosha. Ukuta ubaki kwa anayelazimika: mwenye watoto wadogo, au mwenye kibanda kidogo ambacho kila futi ya sakafu ni nafasi ya mteja.

Anza na mizani

Aliyeamua kupandisha aanze kwa kuipima sabufa. Maandishi makubwa ya wati yanayobandikwa kwenye boksi hayasemi lolote kuhusu uzito, na mara nyingi hayasemi ukweli hata kuhusu sauti. Mizani ya dukani inayopima unga au mchele inatosha. Sabufa ndogo huwa na kilo tatu hadi tano, ya wastani kilo saba hadi kumi, na kubwa huzidi hapo.

Izingatiwe pia kwamba uzito huo haukukaa katikati. Sumaku ya spika na transfoma huvuta upande zilipo. Ibebe kwa mikono miwili, utahisi upande unaolemea. Upande huo ndio unaotakiwa kukaa karibu na ukuta iwezekanavyo, mradi spika na tundu la hewa visizibwe.

Fundi mzuri hujenga kitu kinachoweza kubeba mara nne ya uzito wa chombo. Kwa sabufa ya kilo nane, rafu iweze kubeba kilo 32. Ziada hiyo ni kwa ajili ya mtetemo, kutu, na mtoto atakayening'inia siku moja ambayo hakuna aliyeitegemea.

Ujue ukuta wako

Si kila ukuta unaweza kubeba sabufa. Katika vijiji vya ukanda huu zipo nyumba za aina tatu.

Aina ya kwanza ni nyumba ya tofali za saruji. Ukuta huu ndio bora, lakini si tofali zote zina nguvu. Zipo zilizofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji kiduchu. Kipimo chake ni rahisi: kwaruza tofali kwa msumari mahali pasipoonekana. Likitoa alama nyembamba tu ni zuri. Likimomonyoka kama sukari guru, lisibebeshwe mzigo kwa skrubu.

Lipu nayo isihesabiwe kama ukuta. Huwa na unene wa kama sentimita moja hadi moja na nusu, na kazi yake ni kupendezesha. Skrubu inayoishia ndani ya lipu itatoka na kipande chake.

Aina ya pili ni nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Tofali lenyewe laweza kuwa gumu, lakini udongo unaolishika ni dhaifu, na likitikiswa muda mrefu hulegea lote. Hapa kinachofaa ni bolti inayopita ukuta mzima na kukazwa upande wa pili juu ya kipande cha chuma bapa, ili mzigo ugawanyike kwa tofali kadhaa.

Aina ya tatu ni nyumba ya miti na udongo. Ukuta huu usifungwe kitu kizito hata kidogo. Udongo haushiki skrubu, na mti ulio ndani waweza kuwa umeliwa na mchwa ukabaki ganda. Ukigonga ukasikia mlio wa kitu kitupu, ujue mchwa walishafika.

Mwenye nyumba ya namna hiyo hajakosa njia. Fundi seremala anaweza kusimamisha nguzo mbili za mbao za mbili kwa nne, zikaanzia sakafuni juu ya tofali au jiwe bapa na kufika juu hadi kwenye mtambaapanya, na rafu ikafungwa kwenye nguzo hizo. Uzito wote hushuka sakafuni kwa njia ya nguzo. Juu zifungwe tu ili zisiyumbe. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kusimamishwa, siyo baada ya kuona vumbi.

Urefu wa chuma ndio unaookoa

Kosa linalowaangusha wengi ni kuchagua vishikio vifupi. Mzigo ulio juu ya rafu haushuki chini tu, bali pia huvuta skrubu za juu zitoke ukutani, kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo.

Hesabu yake ni hii. Chukua sabufa ya kilo nane ambayo uzito wake umekaa sentimita 15 kutoka ukutani. Kama skrubu ya juu na ya chini ya kishikio zimeachana kwa sentimita 30, skrubu za juu zitavutwa kwa nguvu ya kilo nne tu. Lakini kama zimeachana kwa sentimita tano, nguvu hiyo inafika kilo 24. Sabufa ni ile ile na ukuta ni ule ule, ila mvuto umeongezeka mara sita.

Kwa hiyo mteja akienda kwa fundi wa kuchomelea aagize vishikio viwili vya pembetatu vya chuma cha pembe, ambacho mafundi hukiita engo, upande wa ukutani ukiwa na urefu usiopungua sentimita 30, na mkono wa mshazari ukichomelewa chini kuunga pembe. Kila kishikio kiwe na matundu matatu: mawili juu na moja chini. Vipakwe rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na kutu huanzia kwenye tundu la skrubu ambako hakuna anayeangalia.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, chagua mahali. Pasiwe juu ya kitanda, kiti, mlango, jiko wala mahali watoto wanapochezea. Kwa kinyozi, pasiwe juu ya kiti cha mteja, ambaye hukaa hapo muda mrefu bila kusogea, na akiumia mwenye saluni ndiye atakayejibu. Kona juu ya kabati au kaunta, ambapo hakuna anayepita, ndiyo mahali pazuri.

Pili, zima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kutoboa. Nyaya za ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu wala chini ya soketi kwa mstari mmoja nayo. Kwa kuwa umeme umezimwa, itumike keekee ya betri.

Tatu, pima kwa pima maji na weka alama. Tundu likae katikati ya tofali. Lisiwe kwenye kiungo cha saruji, wala karibu ya sentimita tano kutoka ukingo wa tofali.

Nne, toboa kwa keekee yenye ncha ya milimita nane, kina kikipita lipu na kuingia ndani ya tofali lenyewe si chini ya sentimita tano. Puliza vumbi lote litoke, kwani fisha ikikaa juu ya vumbi huzunguka badala ya kuuma. Ingiza fisha ya milimita nane mpaka ipite lipu, kisha kaza skrubu nene yenye urefu wa kama milimita 80. Kijiti cha mti kilichochongwa na kugongewa tunduni si mbadala wa fisha. Hukauka, husinyaa na kuachia.

Tano, weka ubao wa rafu, mpana kuliko sabufa kwa sentimita nne kila upande, na ufungwe kwenye vishikio kwa bolti. Mbele ya rafu pigwe kizuizi cha sentimita tatu au nne ili sabufa isitembee ikaanguka.

Sita, sabufa yenyewe isitobolewe. Wapo wanaopitisha skrubu kwenye mgongo wa sanduku na kulitundika kama saa. Ubao ule wa unga haushiki skrubu, na tundu lolote jipya huvujisha hewa na kuharibu besi. Isitoshe, skrubu yaweza kugusa saketi au transfoma. Badala yake, ishikwe na mkanda imara wa nailoni unaozunguka sanduku na kufungwa kwenye vishikio vya chuma. Mkanda usipite juu ya spika wala tundu la hewa.

Jaribio la ndoo

Kabla sabufa haijapanda, rafu ijaribiwe. Ndoo ya lita 20 ikijazwa maji ina kilo 20. Ikijazwa mchanga mkavu hufikia kilo 30 au zaidi kidogo. Kwa sabufa ya kilo nane, ining'inize ndoo ya mchanga kwa kamba katikati ya rafu, ikiwa inchi chache tu kutoka sakafuni ili ikianguka isiumize mtu, na iachwe usiku kucha.

Asubuhi tazama mambo matatu: kama rafu imeinama, kama kuna ufa mpya kwenye lipu, na kama kuna nafasi kati ya chuma na ukuta. Kukiwa na hata kimoja, kazi irudiwe. Ni busara pia kukubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya ndoo kulala salama. Fundi anayejiamini hatakataa.

Mtetemo haulali

Sabufa ni tofauti na kabati au picha iliyotundikwa, kwa sababu yenyewe hutikisika. Mlio wa besi wa mitetemo 50 kwa sekunde ni mitetemo 3,000 kwa dakika, na 180,000 kwa saa. Hakuna nati isiyolegea kwa kipigo hicho kama haikuzuiwa.

Kinga ni nafuu. Chini ya kila nati iwekwe washa ya springi, au nati mbili zikazwe moja juu ya nyingine. Chini ya sabufa viwekwe vipande vinne vya mpira, hata vya tairi chakavu, ili mtetemo usishuke wote kwenye rafu. Kila mwezi, siku ya usafi, nati na skrubu zikaguliwe kwa mkono. Rafu ikianza kulia wakati muziki unapigwa, hiyo ni taarifa kwamba kitu kimelegea. Zima kwanza, kisha tafuta.

Spika ndogo zina unafuu, kwani nyingi hazifiki hata kilo mbili na mgongoni zina tundu maalumu la kutundikia. Skrubu moja na fisha ya milimita sita kwenye ukuta wa tofali inatosha. Kwenye nyumba ya udongo zifungwe kwenye nguzo ile ile ya mbao. Wakati wa kuunga nyaya, wekundu uende kwa wekundu na weusi kwa weusi kwenye spika zote, vinginevyo sauti huuana na muziki kusikika mwembamba.

Umeme na joto

Vijiji vingi vimepata umeme tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007. Lakini nyumba nyingi zina soketi moja au mbili tu kwa chumba, na kupandisha sabufa hurefusha safari ya waya. Waya ulioungwa kwa kusokota na kufungwa utepe haufai, hasa ukipita juu ya kichwa. Utumike waya mmoja mzima, ubanwe ukutani kwa klipu, na ulegezwe kidogo karibu na sabufa ili mtetemo usiuvute.

Tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie iachwe. Soketi hulegea, hutoa cheche, na cheche ndizo zinazoanzisha moto. Adapta inayofaa ina gharama ndogo kuliko paa la nyumba. Kama soketi mpya inahitajika, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Mgongoni sabufa huachiwa nafasi ya kama sentimita kumi kutoka ukutani ili ipumue, na isifunikwe kitambaa wakati inapiga. Tundu la hewa hupendwa na mende na mijusi, hivyo likaguliwe mara kwa mara. Wakati wa radi, plagi ichomolewe kabisa, kwani kuzima kwa rimoti hakukati umeme.

Jirani naye ana ukuta

Katika nyumba ya vyumba vya kupanga ukuta ni wa wawili. Sabufa iliyofungwa juu yake hupiga ngoma kwa pande zote mbili, na jirani mwenye mtoto mchanga au anayeamkia shambani alfajiri ndiye anayelipa. Itafutwe ukuta wa nje. Mwaka 2015 Serikali ilitunga kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na usiku kiwango kinachoruhusiwa ni kidogo kuliko mchana. Aidha, mfanyabiashara anayepiga muziki mbele ya wateja anatakiwa kuwa na kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Gharama ya vishikio viwili, ubao, bolti, fisha na nusu siku ya fundi ni sehemu ndogo ya bei ya sabufa. Asiyeweza kuimudu kwa sasa, aiache sabufa juu ya jukwaa la tofali mpaka mavuno yajayo. Muziki utasikika vizuri tu, na watoto watalala salama. Mkulima wa nanasi anajua kungoja.